Nilinunua Msumeno, Nikasahau Betri

Nyumba yetu ya Goba tulihamia ikiwa haijaisha, kama wafanyavyo watu wengi wa Dar es Salaam wanaojenga kwa mshahara: vyumba viwili vilikuwa na milango, jiko lilikuwa na meza ya kuazima, na madirisha ya nyuma yalikuwa yamezibwa kwa mabati. Seremala tuliyempa malipo ya awali ya makabati ya jiko alikuwa mtu wa "kesho nakuja, mama", na kesho hiyo ilidumu miezi mitatu. Julai 2024 niliamua kwamba makabati, rafu za stoo na banda la kuku nitavitengeneza mwenyewe, nikisaidiwa na mdogo wangu wa kiume siku za Jumamosi. Msumeno wa mkono tulikuwa nao. Tulikatia karatasi moja ya plaiwudi ya milimita 18, na tulipomaliza mstari ulikuwa umeyumba kiasi cha vidole viwili na mabega yetu yaliuma hadi Jumatatu.

Nilitaka msumeno wa duara, na nilitaka wa betri. Uani hatuna soketi, na kumbukumbu ya mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023, kabla mitambo ya Bwawa la Nyerere haijaanza kuzalisha Februari 2024, ilikuwa bado mbichi kichwani. Niliulizia bei za mashine mpya zenye betri mbili na chaja, nikarudi nyumbani kimya. Mtu mmoja kazini akanishauri niende mtaa wa Gerezani, akisema kuna mashine zilizotumika Japani na kukarabatiwa, nguvu zake ni zilezile ila bei ni nusu.

Nilishuka kituo cha mwendokasi cha Gerezani saa nne asubuhi, na kabla ya saa tano nilikuwa nimeshika msumeno mkononi. Kijana aliyeniuzia alikuwa mchangamfu. "Karibu mama, hizi zote zimefanyiwa sevisi, hakuna kopi hapa." Aliweka betri, akabonyeza swichi, mashine ikavuma vizuri, akachukua kipande cha ubao wa inchi moja na kukikata kwa kukipitisha mara moja. "Umeona? Kama mkate." Alianzia shilingi 280,000, nikafika naye 210,000 pamoja na betri moja, chaja na sanduku lake la plastiki. Risiti alinipa ya kuandika kwa mkono, yenye maneno "waranti wiki 1" chini ya saini. Mimi ambaye kazini hurudisha madai ya wenzangu kwa kukosa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, niliikunja karatasi ile nikaitia kwenye pochi bila neno.

Usiku ule nilichomeka chaja jikoni. Plagi yake ilikuwa ya pini tatu nene, kama za vifaa vyote vya nyumbani kwetu, kwa hiyo sikuwa na sababu ya kuitilia shaka. Ulisikika mlio mdogo mkavu, kama wa njugu inayopasuka, taa za nyumba nzima zikazimika, na friji iliyokuwa ikiunguruma ikanyamaza. Harufu ya plastiki iliyoungua ilibaki jikoni mpaka asubuhi. Nilipowasha tochi ya simu na kuigeuza chaja, niliona kibandiko kilichojaa maandishi ya Kijapani, na katikati yake tarakimu ambazo mtu yeyote angeweza kuzisoma: 100V, 50-60Hz. Kisha nikauona waya. Karibu na plagi palikuwa na utepe mweusi uliozungushwa mara nyingi. Mtu alikuwa ameikata plagi ya asili ya Japani, ile ya visahani viwili bapa, na kuunga hii ya kwetu.

Japani hutumia volti 100, Marekani 120, na sisi 230. Tofauti ya pili, ile ya hezi 50 na 60, yaani kasi ya umeme kubadili mwelekeo, haina madhara kwa chaja ya namna hii, kwa sababu kazi yake ya kwanza ni kuugeuza umeme huo kuwa wa mkondo mmoja. Inayoua ni volti. Chaja za simu na za kompyuta mpakato zimetuzoesha vibaya, maana nyingi zimeandikwa 100-240V na zinakubali umeme wa nchi yoyote, ilhali chaja nyingi za zana za ufundi hutengenezwa kwa ajili ya soko la nchi moja. Ile plagi ya asili, kama ingeachwa ilivyokuwa, ingenilazimisha kutafuta adapta, na katika kutafuta adapta huenda mtu angeniuliza habari za transfoma. Aliyeikata aliniondolea onyo pekee ambalo nisingeweza kulipita bila kuliona.

Nilirudi Gerezani. "Mama, hukutumia transfoma?" kijana aliniuliza kwa mshangao ambao mpaka leo sijui kama ulikuwa wa kweli. Baada ya mabishano marefu kuhusu ile wiki moja ya waranti alinipunguzia shilingi 20,000 kwenye chaja nyingine, ya volti 220-240, ambayo niliilipia 65,000 juu ya zile za kwanza.

Neno hili "imekarabatiwa" nimelifikiria sana tangu siku hiyo. Katika nchi zinakotoka zana hizi, mashine iliyokarabatiwa ni ile iliyorudishwa kwa mtengenezaji au kwa karakana aliyoiidhinisha, ikafunguliwa, ikabadilishwa kilichochoka, ikapimwa na kuuzwa tena na dhamana yenye jina la mtu wa kumfuata. Kwenye vibanda vyetu neno hilohilo linaweza kumaanisha kwamba mashine imeoshwa kwa petroli na kupigwa brashi. Simaanishi kwamba wauzaji wote ni waongo. Wapo wanaosema waziwazi "hii ni mtumba, ijaribu mwenyewe", na hao ndio ninaowaamini zaidi.

Chaja mpya ilifanya kazi. Iliwaka nyekundu, na baada ya dakika zisizozidi 20 ikawaka kijani, jambo lililonifurahisha wakati lilipaswa kunitia wasiwasi. Betri iliyoandikwa 5.0Ah (ampea-saa, yaani ujazo wake) haijai upesi hivyo kwenye chaja ya kawaida. Ikijaa kwa kasi ile, tumbo lake limekuwa dogo. Jumamosi tuliweka karatasi ya plaiwudi juu ya mbao tatu, nikapiga mstari wa urefu wote wa mita 2.44, nikaanza. Msumeno ulienda vizuri kwa kiasi cha mkono mmoja, ukashusha sauti, ukazima. Nikabonyeza tena hewani, ukavuma kama siku ya kwanza. Nikaurudisha kwenye ubao, ukazima. Hapo ndipo nilipoelewa jaribio la Gerezani lilikuwa na thamani gani. Mashine ya betri ikizunguka bila mzigo hula umeme kidogo sana, na hata betri iliyokufa nusu huweza kuizungusha. Kukata kipande cha inchi moja ni kazi ya sekunde mbili. Jaribio la kweli ni kupasua ubao wa inchi mbili kwa urefu, mita mbili au tatu mfululizo, na muuzaji atakayekataa kukuruhusu ufanye hivyo amekwisha kukujibu.

Jirani yetu wa upande wa bonde ni mzee aliyefanya kazi ya useremala Keko kwa miaka mingi kabla ya kuja kupumzika Goba. Alisikia kelele akaja hadi kwenye uzio.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti yangu. Huo msumeno mbona unalia hivyo?"

Nilimfungulia geti. Hakuwahi kutumia wa betri, na hakuonekana kuuheshimu, ila aliushika kama mtu anayempokea mtoto wa mwenzake. Kwanza aliamuru betri itolewe. Kisha akaisukuma kwa kidole ile kinga ya chini inayofunika bledi, akaiachia, nayo ikarudi polepole na kukwama nusu ya njia. Alinitazama bila kusema kwa muda. "Huu ukiuweka chini ukiwa unazunguka, utakutembelea mguuni," alisema. Springi ilikuwa nzima. Iliyoizuia ilikuwa tabaka la maranda yaliyogandamana na kutu nyembamba kwenye egemeo. Aliisafisha kwa mswaki wa zamani na mafuta ya taa, akaifuta ikakauka, akaijaribu mara kumi hivi mpaka ikawa inarudi kwa kishindo. Hakutia grisi, kwa maelezo kwamba grisi ingekusanya maranda mengine.

Halafu akahamia kwenye bledi. Nilishindwa kuifungua, kwa kuwa nilikuwa nikizungusha ufunguo kama anavyofungua mtu parafujo yoyote, na kumbe nilikuwa nazidi kuikaza. Mzee alinifundisha kutazama mshale uliochorwa kwenye kinga: boliti hufunguka kuelekea kule ambako bledi huzungukia, kwa hiyo kwenye misumeno ambayo bledi iko upande wa kushoto, kama wangu, mzunguko wake ni kinyume cha mazoea. Bledi yenyewe ilikuwa ya milimita 165, tundu la milimita 20, meno 24, na kila jino lilikuwa na ganda la kahawia kama asali iliyokauka. Ilikuwa utomvu wa msindano. Ncha mbili za chuma kigumu zilikuwa zimevunjika. "Bledi butu inakula farasi wote wa mashine," alisema, na katika hilo alikuwa sahihi, kwa sababu jino lisilokata husugua, na msuguo huo hulipwa na betri. Nilinunua bledi mpya ya meno 40 kwa ajili ya plaiwudi, nikaibakiza ile ya 24 kwa mbao za banda baada ya kuiloweka kwenye maji ya moto yenye sabuni na kuisugua. Kabla ya kulipa nilipima tundu kwa rula, maana bledi nyingi za soko la Marekani zina tundu la inchi 5/8, yaani chini kidogo ya milimita 16, na haziingii kwenye mhimili wa milimita 20 hata uzibembeleze.

Bledi mpya ilisaidia. Msumeno sasa ulifika katikati ya karatasi kabla ya kuzima. Hapo mzee akasema maneno ambayo ningependa ningeyasikia kabla ya kwenda Gerezani: "Mashine yako nzima, binti yangu. Mgonjwa ni huyo aliyekaa nyuma yake."

Niliipeleka betri kwa fundi wa redio na simu Mbezi. Aliifungua kwa bisibisi yenye kichwa cha nyota, akainua kifuniko, na ndani tukaziona seli kumi zimelala kama maganda ya risasi: jozi tano zilizoungwa mfululizo, kila jozi ikiwa na seli mbili sambamba. Kila jozi ina volti 3.6, na mara tano inakuwa 18. Ndiyo maana pia betri zilizoandikwa 20V na wauzaji husema zina nguvu zaidi ni zilezile za 18; seli ya 3.6 ikijazwa pomoni hufikia takribani volti 4, na mara tano unapata 20. Tarakimu hiyo imewalipisha watu wengi zaidi bure.

Kilichomchekesha fundi hakikuwa volti. Makaratasi ya seli yalikuwa ya rangi tatu tofauti: za kijani, za waridi, na mbili za buluu. "Dada, hizi zimetolewa kwenye betri za laptop," alisema. Alipima: jozi nne zilikuwa zinakaribiana, ya tano ilikuwa chini mno. Msumeno ukibanwa na mbao huvuta ampea 20, 30 na hata zaidi, na mzigo huo hugawanywa kwa seli mbili tu za kila jozi. Seli zilizotengenezwa kwa ajili ya zana hustahimili hilo. Za kompyuta mpakato zilizaliwa kutoa ampea chache kwa saa nyingi, na tena hizi zilikuwa zimekwisha kufanya utumishi wao. Jozi iliyo dhaifu ilikuwa inaporomoka mara tu mzigo unapoingia, na kisahani cha ulinzi, kile kibao kidogo cha saketi ndani ya betri, kilikuwa kinakata umeme kuizuia isiharibike kabisa. Kwa maneno mengine, kitu pekee kilichokuwa kikifanya kazi yake vizuri katika betri ile ni kile nilichokuwa nakitukana kila Jumamosi.

Fundi alikataa kuzibadilisha. Alisema hana mashine ya kuunganishia vibati vya seli kwa cheche, na kwamba kuziunga kwa risasi ya kuyeyusha kunazichoma. Seli za lithiamu zikiumia ndani huweza kuwaka moto. Nilimlipa shilingi 5,000 na nikamheshimu.

Nilikwenda kutafuta betri Kariakoo nikiwa na elimu mpya na bado nikakaribia kuliwa. Duka la kwanza lilinipa betri yenye maandishi makubwa 6.0Ah, nusu ya bei niliyoitarajia. Niliishika, nikaona ni nyepesi. Fundi wa Mbezi alikuwa ameniambia kwamba seli moja ya ukubwa ule ina gramu 45 hadi 48, na mimi ni mtu wa hesabu: seli kumi haziwezi kuwa chini ya gramu 450, kabla hujaweka ganda na vibati. Hatua chache kutoka pale alikuwepo mama anayeuza dagaa, mwenye mzani wa kidijiti juu ya meza. Nilimwomba muuzaji aje nami na betri yake. Alikuja akicheka. "Mama, betri inapimwa kwa kilo?" Mama wa dagaa aliondoa sinia, akafuta mzani kwa kanga, akaiweka. Gramu 382.

Kwa uzito huo ndani kulikuwa na seli tano, na seli moja ya ukubwa ule, hata iwe bora kiasi gani, haizidi 3.5Ah au karibu na hapo. Zikiwa tano mfululizo, volti hujumlishwa lakini ujazo hubaki wa seli moja. Zipo seli mpya nene zaidi, zenye takribani gramu 70 kila moja, ila tano za hizo pamoja na ganda zingezidi uzito tuliouona. Nilimweleza hivyo muuzaji kwa adabu. Hakubisha. Aliifuta harufu ya dagaa kwenye suruali yake, akairudisha kwenye kabati mbele ya mteja mwingine.

Betri halisi ya 5.0Ah niliipata kwa wakala anayetoa risiti ya mashine, na niliilipia shilingi 190,000. Nyumbani niliipima kwenye mzani wa jikoni: gramu 630. Jumla ya fedha zilizotoka ilikuwa 465,000 kabla ya bledi, na nikitoa betri iliyokufa na chaja iliyoungua, msumeno wenyewe, ule nilioshawishika nao kwa sauti yake, nauona haukuwa na thamani ya zaidi ya 100,000. Nilikuwa nimelipa vizuri kwa kile kisichochakaa upesi na sikukagua kile kinachochakaa kwanza.

Kazi baada ya hapo ilikuwa ya raha, na sina mengi ya kuisimulia. Mzee alitufundisha kuweka upande mzuri wa plaiwudi uangalie chini, kwa kuwa meno huingilia chini na kutokea juu, na mipasuko yote hutokea juu. Kurekebisha kina ili meno yatokeze milimita chache tu chini ya ubao. Na kuegemeza karatasi pande zote mbili za mstari, kwa sababu ubao ukilegea katikati huibana bledi na msumeno hukupiga teke kurudi ulikosimama. Niliwahi kupigwa teke hilo mara moja, na mbao mbichi za msindano za banda la kuku, zilizokuwa zikijibana zenyewe kwa unyevu, na tangu siku hiyo sisimami tena nyuma ya mstari, nasimama pembeni. Betri siiachi stoo chini ya bati. Huilaza chumbani, na nikitoka kazini nayo ikiwa ya moto naiacha ipoe kabla ya kuichaji, maana watengenezaji wengi hawataki ichajiwe katika joto linalozidi nyuzi 40, na bati la Goba mwezi Januari halioni haya kuvuka hapo.

Februari 2025 mdogo wangu alitaka keekee ya betri ya kampuni ileile ili tutumie betri moja. Tulirudi Gerezani, kibanda tofauti. Muuzaji alitaja 180,000 pamoja na betri na chaja.

"Mashine tupu ni shilingi ngapi?" nilimuuliza.

"Bila betri, mama? Utaitumiaje?"

Niliitoa betri yangu kwenye mkoba, nikaichomeka, nikamwomba kipande cha mninga na biti ya kutobolea ya milimita 10. Mdogo wangu alitoboa matundu kumi na mawili bila kupumzika, akaigusa mashine kwa kiganja kuona kama imechemka. Haikuwa imechemka. Muuzaji aliyatazama yale matundu, akatazama betri, akasema 60,000. Tulimpa 55,000.